Wati Haziko Ndani ya Birika

Ukiligeuza birika la umeme kati ya yale yanayouzwa madukani Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, chini yake utakuta kibandiko chenye namba chache, na mara nyingi namba zenyewe ni hizi: volti 220 hadi 240, wati 1850 hadi 2200. Mnunuzi huangalia ile kubwa ya mwisho. Muuzaji naye huitaja hiyo hiyo, kwamba hili ni la elfu mbili na mia mbili, linachemsha upesi. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini chombo kimoja, kisicho na kitufe cha kuongeza wala kupunguza moto, kimeandikiwa wati za chini na wati za juu. Waliokitengeneza hawakushindwa kuamua. Walikuwa wanasema kweli ambayo soko letu limezoea kuipita: wati si mali ya birika. Kilichomo ndani ya birika ni waya wenye ukinzani fulani, na wati huzaliwa pale tu ukinzani huo unapokutana na volti iliyoko kwenye soketi yako, saa hiyo, mtaani kwako. Anayeanza hesabu yake na wati za kibandiko anaanzia mwisho. Inafaa kuanza na ukinzani.

Mkazi wa Rusizi ana mfano wa jambo hili mlangoni pake. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1460 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi, na kati ya maziwa hayo mto Rusizi unashuka karibu mita 690 katika mwendo wa kilomita kama 117. Nguvu ambayo mtambo unaweza kuivuna mtoni hutokana na mambo mawili yanayozidishana: kimo ambacho maji yanaanguka, na wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Maji mengi yaliyotulia tambarare hayazungushi kitu, na mteremko mkali wenye maji kiduchu hauwashi mji. Katika waya, volti ndiyo kimo, ampea ndiyo wingi wa mtiririko, na wati ni zao la hivyo viwili. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni ugumu wa njia yenyewe. Kanuni ni mbili tu. Ya kwanza: gawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani. Ya pili: zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Nyingine zote hupatikana kwa kuziunganisha hizo. Ukijua volti na ukinzani, wati ni volti mara volti, kisha ugawanye kwa ukinzani. Ukijua ampea na ukinzani, wati ni ampea mara ampea, mara ukinzani. Lile neno "mara" linalojirudia katika kanuni hizi mbili za mwisho ndilo lenye mambo, kama tutakavyoona.

Turudi kwenye kibandiko. Chukua volti 220, zidisha kwa 220, gawanya kwa wati 1850: jibu ni omu 26.2. Sasa chukua volti 240, zidisha kwa 240, gawanya kwa wati 2200: jibu ni omu 26.2 tena. Wati zimetofautiana kwa 350, ukinzani haukutikisika. Kibandiko chenyewe, bila kukusudia kumfundisha mtu, kimethibitisha kwamba namba ya kudumu katika chombo hiki ni ile ambayo hakikuiandika. Umeme wa Rwanda umewekewa volti 230, kwa hiyo birika hili likipata haki yake litapitisha ampea 8.8 na kutoa wati 2019 hivi. Zile 2200 alizozipaza muuzaji mteja hatazipata mpaka soketi yake ifike volti 240.

Na je, soketi ikishuka? Viwango vya kimataifa huvumilia volti kupanda au kushuka kwa asilimia 10, yaani kati ya 207 na 253. Kwenye 207, ambayo bado ni halali, birika letu hutoa wati 1635. Tuseme nyumba iko mwisho kabisa wa laini, jioni kila mtu amewasha kitu, na volti imeshuka hadi 190. Ampea zitakuwa 7.25, na wati 1378. Tazama vizuri: volti imepungua kwa asilimia 17, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 32, karibu theluthi nzima. Hiyo ndiyo kazi ya lile neno "mara". Volti ikipungua, ampea nazo hupungua kwa kiasi hicho hicho, na hasara hizo mbili huzidishana. Ndiyo maana kushuka kwa volti ambako jicho likitazama taa huona ni kudogo huwa kukubwa sana jikoni.

Hapa huibuka mabishano ambayo hayaishi vijiweni. Wapo wasemao umeme ukiwa dhaifu unakula uniti nyingi, na wapo wasemao unaokoa pesa. Hesabu haimpi ushindi yeyote kati yao. Kamembe iko juu, na huku maji huchemka yakifika nyuzi joto 95 hivi, si 100 kama pwani. Kuchemsha lita moja na nusu kutoka nyuzi 20 kunahitaji nishati ya kiasi cha uniti 0.13 (uniti moja ni kilowati-saa moja), na maji hayajali nishati hiyo imekuja kwa kasi gani. Kwa volti 230 kazi huisha kabla ya dakika 4 kutimia. Kwa volti 190 inachukua karibu dakika 5 na sekunde 40. Uniti zinazoliwa ni takriban zile zile, isipokuwa joto kidogo linalotorokea hewani kwa kuwa birika limekaa motoni muda mrefu zaidi. Kwa bei ambazo RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma ya Rwanda, ilizitangaza Januari 2020, ambapo uniti za nyumbani kuanzia ya 16 hadi ya 50 ziliuzwa faranga 212 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, birika hilo la chai liligharimu kama faranga 28 katika hali zote mbili. Anachopoteza mwenye volti ndogo ni muda. Kwa mama lishe anayehudumia wateja wa asubuhi, au kinyozi mwenye foleni, muda huo ni mapato, lakini hautaonekana kwenye mita.

Kuna mtu atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza: sisi tunaishi kando ya mitambo, taa zetu zinafifiaje? Mtambo wa Rusizi I upo upande wa Bukavu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Rusizi II, wenye uwezo wa megawati 43.8, ulianza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Rwanda, Burundi na Kongo. Kutoka Mururu, wilayani Rusizi, umeme husafiri hadi katikati ya nchi kwa laini ya volti 110,000. Volti zote hizo hazikuwekwa kwa kujionyesha. Tuchukue megawati 11, na ili hesabu iwe nyepesi tuache kando kwamba laini hiyo ina nyaya tatu zinazogawana mzigo. Kwa volti 110,000, megawati 11 ni ampea 100. Kwa volti 230, megawati hizo hizo zingekuwa karibu ampea 47,800, yaani mara 478 zaidi. Joto linalopotea katika waya ni ampea mara ampea, mara ukinzani wa waya. Kwa hiyo katika waya ule ule hasara ingeongezeka zaidi ya mara 228,000. Hakuna waya wa kuistahimili. Kwa sababu hiyo kilomita nyingi za volti kubwa hupoteza kidogo, na mita mia chache za volti ndogo, kati ya transfoma ya mtaa na mlango wako, zinaweza kupoteza kiasi kikubwa. Aliye Kigali jirani ya transfoma anaweza kupata volti nzuri kuliko aliye Bugarama, huku huku Rusizi, mwisho wa laini ndefu ya mtaa, ingawa maji yaliyozalisha umeme huo yamepita karibu na huyu wa Bugarama. Umbali wenye maana si ule wa kutoka mtoni.

Hasara ya waya ulio kabla ya mita ni ya kampuni, na wewe unapoteza muda tu. Waya ulio baada ya mita ni habari nyingine, maana kila wati inayoungua humo imeshahesabiwa kwenye uniti zako. Na hapa ndipo watu wengi hujidhulumu wenyewe. Mita iko kwenye nyumba ya mbele, vyumba vya wapangaji viko nyuma, mita 40 hivi. Umeme unahitaji waya wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo ni mita 80 za shaba. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita yenye unene wa milimita moja ya mraba. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba, ule ambao mafundi huuweka kwenye taa, mita 80 zina omu 0.92. Inaonekana ndogo, sivyo? Washa birika peke yake: ampea zinakuwa 8.5, na waya unakula wati 66. Ongeza jiko la koili la wati 1500 juu ya birika, jambo la kawaida saa ya chakula. Ampea zinapanda hadi 14.4, volti kule nyuma zinashuka hadi 217, na waya sasa unakula wati 191. Mtiririko umeongezeka kwa asilimia 70 tu, hasara imekaribia mara tatu. Ukifanya hivyo saa mbili kwa siku, mwezi wa siku 30 utakuwa umenunua zaidi ya uniti 11 za kupasha joto ukuta. Kwa bei ile ya 2020 ni faranga kama 2,430 kabla ya kodi. Waya wa milimita 4 za mraba ungepunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu. Na yule aliyevuta ekstensheni nyembamba ya milimita 0.75 ana omu 1.83 njiani na wati 340 zinazoungua ndani ya plastiki. Kwa waya huo bei ya uniti si tatizo la kwanza tena. Ukiuviringisha na kuufunika kwa zulia, joto hilo halina pa kutokea, na nyumba inaweza kuwaka.

Katika masoko yetu fundi anayeshauri waya mnene huonekana anataka kumkamua mteja. Huenda wapo wa namna hiyo. Hata hivyo mteja hahitaji kumwamini wala kumshuku: aulize urefu, aulize unene, azidishe na kugawanya. Ajihadhari pia na nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Alumini ina ukinzani wa omu 0.028 hivi kwa kipimo kile kile, zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, na hesabu iliyofanywa kwa shaba haitamfaa aliyeuziwa alumini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye elimu ya umeme. Watasema si kila kifaa kina ukinzani usiobadilika, na wako sahihi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwa inawaka ina omu 880 hivi, lakini ikiwa baridi ukinzani wake haufiki hata sehemu ya kumi ya huo, kwa kuwa waya wake wa ndani hupata moto mkali mno. Chaja ya simu iliyoandikwa volti 100 hadi 240 hufanya kinyume kabisa cha birika: volti ikishuka, yenyewe huvuta ampea zaidi ili ipate wati zile zile. Georg Ohm mwenyewe, mwalimu wa shule huko Cologne aliyeigundua kanuni yetu ya kwanza, alikutana na shida inayofanana na hii. Majaribio yake ya mwanzo yalivurugwa na betri za wakati ule ambazo hazikuweza kushikilia nguvu moja. Akashauriwa aziache, atumie metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na wa pili kwenye barafu, chanzo dhaifu lakini tulivu. Ndipo uhusiano ukajitokeza wazi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1827. Wengi hawakukipokea vizuri. Heshima kubwa ilimfikia mwaka 1841, Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley. Mwaka huo huo James Joule, Mwingereza, alichapisha kwamba joto la waya hukua kwa ampea zilizozidishwa kwa zenyewe. Tangu mwanzo, basi, hesabu hii ilikuwa na masharti. Masharti yake hutimia vizuri katika birika, pasi, jiko la koili na hita ya maji, na kwa bahati hivyo ndivyo vifaa vinavyomeza uniti nyingi katika nyumba za kawaida. Chaja ya simu, iwe inafuata sheria ya Ohm au haifuati, haitamfilisi mtu.

Mota ni kesi ya peke yake. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo, kwa mizunguko 50 kila sekunde, na katika mota ampea huchelewa nyuma ya volti. Ukizidisha volti kwa ampea za mota utapata namba iliyo kubwa kuliko wati za kweli. Kinu cha mpunga cha Bugarama kinachovuta ampea 10 kwa volti 230 huenda kinatumia wati 1800 badala ya 2300. Viwanda vikubwa, kama cha saruji cha CIMERWA huko huko Bugarama, hulazimika kulishughulikia pengo hilo kwa vifaa maalumu. Lakini somo la mwenye friji au kinu kidogo ni jingine, na ni la kuogopesha zaidi: volti ikishuka huku mzigo ukiwa ule ule, mota huvuta ampea nyingi zaidi, na joto katika koili zake hukua kwa ampea mara ampea. Jioni ile ile ambayo birika linachelewa tu, friji inaweza kuungua. Kwa hiyo nakubali kwamba kanuni mbili za mwanzo hazitoshi kukokotoa mota. Zinatosha kumwambia mwenye friji aizime.

Wengine watasema yote haya ni kujichosha, mita ya Cash Power inahesabu yenyewe. Inahesabu, ni kweli. Iwe Cash Power ya Rwanda, Luku ya Tanzania au tokeni za Kenya, mita hupima volti na ampea kila wakati na kukata uniti. Isichokuambia ni kifaa gani kimekula, wala kama waya wako umekula. Tena mita hiyo hiyo inaweza kukupa kipimo bila wewe kugusa waya wowote, na hilo ni la muhimu, kwa sababu kuingiza testa katika njia ya umeme wa 230 ili kupima ampea ni kazi ya fundi mwenye klampu, si ya mtu aliyesoma gazeti. Kwenye mita nyingi kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake namba: mimweko mingapi hufanya uniti moja, mara nyingi 1000. Ikiwa ni 1000, mimweko 10 ni juli 36,000. Zima kila kitu, acha birika peke yake likiwa na maji, hesabu mimweko 10 kwa saa ya simu. Gawanya 36,000 kwa sekunde ulizopata: hizo ndizo wati za kweli. Kwa birika letu la omu 26.2, sekunde 18 maana yake ni wati 2000, umeme uko sawa. Sekunde 26 ni wati 1385. Zidisha hizo kwa omu 26.2, tafuta kipeuo cha pili kwenye simu, utapata volti 190. Bila kununua kipimo chochote umepima volti ya nyumba yako, kwa sababu ulianza na ukinzani.

Fanya hivyo mara moja mchana mtaa ukiwa umetulia, na mara moja kati ya saa moja na saa mbili usiku watu wanapopika. Ikiwa mchana ni sekunde 18 na usiku ni 26, waya wa ndani hauna kosa, laini ya mtaa imezidiwa. Ikiwa birika likichomekwa karibu na mita huchukua 18 na likichomekwa vyumba vya nyuma huchukua 20 au zaidi saa hiyo hiyo, mwite fundi abadilishe waya. Kwa ile ya kwanza, andika tarehe, saa na sekunde za siku kadhaa, mshirikishe jirani afanye vivyo hivyo, kisha pelekeni karatasi hiyo ofisi ya EUCL, kampuni inayosambaza umeme Rwanda. Mtu anayelalamika kwamba umeme ni mdogo huambiwa asubiri. Ni vigumu zaidi kumwambia hivyo mtu aliyekuja na volti 190, siku tano mfululizo, kwa nyumba mbili.